Shingo ya Kujaribia Mashine

Wifi yangu alikuwa na sauti ya kuudhi. Nasema hivyo kwa mapenzi, na anayetaka kununa anune. Siku kaka yangu alipomleta nyumbani kwa mara ya kwanza, mama alimkaribisha sebuleni, akamuuliza habari za kwao, naye akajibu kwa sauti iliyomwamsha mtoto wa jirani. Mama akanivuta jikoni. "Huyu mwanamke ana tatizo la masikio?" Nikamwambia mwenye tatizo la masikio ni mwanawe, na huyu ndiye dawa yake.

Sikuwa natania. Kaka yangu ni fundi bati. Anakunja mabati, anatengeneza mifereji ya maji ya mvua, anaezeka, na kelele za nyundo zilimla masikio angali kijana. Sikio la kulia limekufa kabisa. La kushoto linasikia kwa kuchagua, ndivyo tulivyozoea kumsimanga, na katika kuchagua kwake lilimchagua mke wake. Angeweza kuwa juu ya paa la mtu, nyundo mkononi, misumari mdomoni, lakini wifi akisimama mlangoni kwao na kuita, "Wewe, chakula kinapoa!", alikuwa anashuka. Mimi dada yake wa tumbo moja ilikuwa lazima nimguse bega ndipo ajue nimefika.

Hawakujaliwa watoto. Nyumba yao ilikuwa ya watu wawili, na sauti moja iliyowatosha wote.

Kazini wifi walimwita Kipaza. Alikuwa anaita wagonjwa kwenye idara ya ultrasaundi ya hospitali kubwa ya mji, kazi ambayo ukiitaja kwa watu wanadhani ni ya kusimama tu. Waende wakasimame wao. Ile korido ni ndefu, ina mabenchi ya mbao kuta zote mbili, rangi ya mafuta hadi usawa wa mabega na chokaa juu yake, na feni moja inayolia kuliko inavyopuliza. Asubuhi inajaa wajawazito, wazee wenye mawe kwenye figo, watoto wanaolia, na watu waliosindikiza watu wengine. Mlango wa chumba cha picha una nusu ya chini inayofungwa na nusu ya juu iliyo wazi. Wifi alisimama pale, mikono juu ya ile nusu, akatoa jina mara moja, na jina likaenda hadi kwenye ngazi.

Juu ya mlango alikuwa amebandika karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu nene: UKIITWA ITIKA. USIPOITIKA UNAPITWA. Alikuwa na sababu. Zamani watu walinyoosha mikono, mara mikono miwili kwa jina moja, mara mtu anamnyooshea jirani yake aliyetoka kwenda kununua chai, na ugomvi unaanza. Yeye akafuta mikono. "Mkono kila mtu anao," alikuwa akisema. "Mimi nataka sauti ya mgonjwa mwenyewe. Sema 'nipo', uingie." Hakutazama hata nyuso. Aliita, akasikiliza, na asiyeitika alipelekwa mwisho wa foleni, awe mchuuzi awe mke wa mkubwa. Kugonga mlango ilikuwa kosa lingine, na adhabu yake ilikuwa ile ile. Wengi walimchukia kwa hilo. Mimi pia aliwahi kunipita, tena wifi yake, kwa kuwa nilikuwa napiga domo na mtu wa pembeni. Nilimnunia wiki nzima.

Lakini waliokuja kupimwa shingo walimpenda. Walikuja wamejifunga mitandio hadi kidevuni, wengine na rovu linaloonekana hata chini ya kitambaa, wamekaa pembeni kama waliokosea. Yeye aliwafuata pale pale walipokaa. "Mama, hapa tunaangalia shingo, hatuangalii mitandio. Legeza, upumue." Aliwaeleza wanachokwenda kufanyiwa, kwamba hakuna kuchanwa, ni jeli ya baridi na kidude cha kupitisha juu ya ngozi. Picha inaonyesha kama uvimbe wa tezi ni maji au nyama, ni mmoja au ni mingi, kingo zake zimetulia au zimevurugika. Uvimbe ukitia shaka, unachomwa sindano nyembamba huku daktari akiiona inavyoingia. Usipotia shaka, unapewa tarehe. "Utarudi, tutapiga nyingine, tutalinganisha na hii ya leo," alikuwa akiwaambia. "Kama hakijakua, unakwenda zako kupika." Aliwahi kunisimulia kuhusu bibi aliyekuwa akija kila mwaka na uvimbe wake wa ukubwa ule ule, na kila mwaka wakikumbatiana pale mlangoni kama waliofaulu mtihani.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe, maana nikiendelea kumsifu nitalia kabla sijafika.

Mtaalamu wa picha pale alikuwa bwana mmoja mpole, mwembamba, ambaye mikono yake haikukauka mchana kutwa, na kwa sababu hiyo walimwita Bwana Jeli. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, alitaka kujua kama mashine imeamka vizuri. Mashine ilikuwa kuukuu, yenye kioo kilichopauka na magurudumu ya kulia. Njia yake ya kuijaribu ilikuwa shingo. Alisema shingo haina mafuta mengi ya kuzuia picha, na vyote viko karibu karibu: bomba la hewa katikati, tezi imelikumbatia pande mbili, mishipa mikubwa ya damu inapiga kushoto na kulia. Shingo ikitoka vizuri, mashine ni nzima. Na shingo aliyoitumia ilikuwa ya wifi yangu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa jirani, na ilikuwa ndefu, nyembamba, nzuri. Hilo nalo kaka yangu alikuwa amelitangaza mtaa mzima kabla ya Bwana Jeli.

Basi ikawa desturi. Wifi anafika, anaweka mkoba, anavua mtandio, analala kitandani. Bwana Jeli anaweka tone la jeli, anapitisha kidude, anatazama kioo, anazungusha vifundo viwili vitatu, anasema, "Haya, tuko sawa." Wifi anajifuta, anasimama, anaita jina la kwanza. Wanafunzi waliokuja kujifunza kazi walifundishiwa pale pale. "Tazameni," Bwana Jeli aliwaambia, "hivi ndivyo tezi yenye afya inavyokaa." Wifi alikuwa anajigamba nalo nyumbani. Alisema ana shingo ya kufundishia, na sisi wengine shingo zetu ni za kubebea vichwa tu.

Miaka ilikwenda hivyo. Kisha asubuhi moja likaonekana doa.

Lilikuwa jeusi, dogo, upande wa kushoto kwa chini. Bwana Jeli alifuta kioo. Halikutoka. Akafuta kidude, akaongeza jeli, akakaza waya nyuma. Lipo. Akatikisa kichwa, akasema kidude kimeanza kuzeeka. Halafu akaingia mgonjwa wa kwanza, naye kwa bahati alikuwa wa shingo, na picha yake ikatoka safi, bila doa lolote. Kesho yake ikawa hivyo hivyo: asubuhi kwa Kipaza doa lipo, kwa wagonjwa halipo. Bwana Jeli akafikiri, akapata jibu. Mashine ikiwa baridi inatoa doa. Ikipata moto, doa linaondoka.

Sina la kuongeza hapo. Wasomi wa chumba kizima, na wifi yangu pamoja nao, walikubaliana kwamba mashine ina baridi. Hakuna aliyesema tumjaribu mwingine asubuhi, au tumrudie huyu mchana. Asubuhi ilikuwa ya shingo yake na mchana ulikuwa wa wagonjwa. Jambo likageuka msemo wa pale ndani. Mtu akichelewa kujibu salamu, wanasema hajapata moto. Nyumbani wifi akiamka na uchovu anamwambia mume wake, "Niache kwanza, mashine haijapata moto," na kaka yangu anacheka hadi anashika mbavu. Wanafunzi nao walifundishwa: hii ni tezi yenye afya, na hilo doa msilijali, ni la mashine.

Na hakuna picha hata moja ya shingo ile iliyohifadhiwa. Alikuwa si mgonjwa, waihifadhi ya nini? Yeye aliyewaambia watu kila siku kwamba picha ya leo inalinganishwa na ya jana, yake ilikuwa inafutwa kila asubuhi ili nafasi ibaki kwa wengine.

Sauti ikaanza kukwaruza. Kwanza tulifurahi, niseme ukweli. Mimi nauza vitambaa sokoni, najua kuita watu kunavyokausha koo, nikamwambia punguza, unawaita wagonjwa, huwaiti wafu. Akanywa maji ya moto. Akanyamaza siku za mapumziko, jambo ambalo kaka yangu alililalamikia kwetu sote. Sauti ikarudi kidogo, ikaenda tena. Kazini wakamtania kwamba Kipaza kinahitaji betri. Akawa akinywa maji yanampalia, anakohoa hadi machozi yanamtoka. Kila mtu alikuwa na sababu mkononi, na sababu zote zilihusu kazi yake.

Mashine mpya ilikuja ndani ya maboksi makubwa, na pamoja nayo fundi wa kuifunga, mtu wa haraka, mwenye mkoba wa bisibisi na viatu vilivyong'aa. Wifi alinisimulia siku ile mwenyewe, kwa sauti iliyokuwa imebaki, akiigiza kila mmoja. Idara yote ilijazana chumbani. Mganga mkuu alikuwepo. Fundi akawasha, kioo kikawaka cheupe na safi, watu wakapiga makofi. Akauliza, "Tunaijaribu kwa nani?" Wote wakageuka wakamtazama Kipaza, na yeye alikuwa ameshavua mtandio.

Akalala. Fundi mwenyewe akashika kidude. Picha ikatoka, na Bwana Jeli akatabasamu kwa jinsi ilivyokuwa wazi, bomba la hewa, mishipa, tezi. Kisha kidude kikashuka upande wa kushoto.

Doa.

"Hata mpya?" wifi akasema kutoka kitandani, na watu wakacheka. "Haijapata moto hiyo."

Fundi hakucheka, hakuwa na habari za utani wao. Aliuliza moto gani. Bwana Jeli akamweleza: mashine ya zamani ilikuwa na doa la asubuhi, mahali hapo hapo, kumbe na hii nayo. Fundi akasema mashine yake haina doa. Ili kuilinda heshima ya mashine yake, akamwambia Bwana Jeli alegeze kola, akampaka jeli akiwa amesimama, akapitisha. Safi. Akampitishia muuguzi aliyekuwa karibu. Safi. Akarudi kwa wifi, na doa lilikuwa linamsubiri.

"Mashine yangu ni nzima," fundi akasema. Alikuwa amefurahi, maskini, hakujua amesema nini. Akaanza kufuta kidude.

Bwana Jeli akakichukua kidude, akakaa, akapima. Kwenye kioo kile kizuri yalionekana yote ambayo kioo kilichopauka kilikuwa kimeyaficha. Doa lilikuwa refu kuliko upana wake, kingo zimevurugika, na ndani yake mlikuwa na vichembe vyeupe kama chumvi iliyomwagika. Kwa nyuma lilikuwa limeegemea pale unapopita mshipa wa fahamu unaotikisa sauti. Wifi alikuwa amewasikia wakiyataja mambo hayo juu ya shingo za watu kwa miaka, na alijua yanakokwenda. Alisema aligundua kwa mkono wa Bwana Jeli. Ulikuwa ukipima mahali pale pale kwa mara ya tatu.

Nilimtukana Bwana Jeli baadaye, uso kwa uso, pale pale koridoni, na sitarudia matusi yale hapa. Alisimama akayapokea yote. Sikumsamehe, lakini sikuwa na kingine cha kumwambia.

Sindano ilichomwa huku ikitazamwa kwenye mashine mpya. Majibu yakaja: saratani ya tezi. Daktari wa upasuaji akawaita mke na mume, nami nikaenda, kwa sababu mtu alihitajika wa kumpigia kaka yangu kelele sikioni. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, msema kweli. Alisema saratani za namna hii nyingi zinaenda polepole na zinatibika, zikikutwa mapema. Hii haikukutwa mapema. Imeshauvaa mshipa wa sauti wa kushoto. "Nina njia mbili," akasema. "Nikwangue, niuache mshipa, huku nikijua kuna mabaki nimeyaacha juu yake. Sauti itabaki kama ilivyo, labda nzuri zaidi. Au nikate mshipa niondoe vyote. Sauti itabaki pumzi tu."

Nilimpigia kaka yangu kelele, neno kwa neno. Wagonjwa wa nje lazima walisikia.

Kaka yangu hakuomba muda wa kufikiri. "Akwangue," akasema. "Abakishe sauti." Halafu akamgeukia mke wake, na mtu yule ambaye sijawahi kumwona akilia tangu tulipomzika baba, alikuwa analia. "Nitakusikiaje? Niambie. Mimi nitakusikiaje?"

Niliona haya kwa ajili yake, na nilimkasirikia, na nilimwonea huruma, vyote kwa wakati mmoja. Wifi akamshika masikio yote mawili, kama anavyomshika wakitaniana, akamsogelea lile la kushoto.

"Utaniona," akamwambia. "Macho si unayo?"

Kisha akamgeukia daktari. "Toa yote. Sauti nakuachia. Mimi nataka kuishi, nizeeke na huyu kiziwi wangu. Usinibakizie kitu huko ndani."

"Yote?" daktari akauliza tena, maana ni kazi yao kuuliza tena.

"Yote, mama. Nimeita watu vya kutosha."

Asubuhi ya upasuaji, kabla hawajampeleka, alimwita kaka yangu kutoka mwisho wa wodi. Mwito mmoja, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, sauti imekwaruza lakini ni ile ile. Wauguzi wakageuka kumkaripia, wakaona aliyeitwa anavyokuja, wakaacha.

Alitoka na kovu la mlalo chini ya koo, vidonge vya kunywa kila siku maisha yake yote badala ya tezi, na pumzi. Ukitaka kujua ni neno gani, ilikuwa lazima usogeze sikio hadi midomoni. Kaka yangu alisogeza lake, akatikisa kichwa, akajaribu upande ule uliokufa, kana kwamba huenda umefufuka kwa ajili hiyo. Hakusikia chochote. Wakaanza kuishi kwa ishara. Chakula kikiiva wifi anagonga sufuria kwa kijiko, lakini nyundo na kijiko kwa mtu wa namna ile ni kitu kimoja, kwa hiyo anatembea hadi chini ya paa na kusimama hadi mumewe atazame chini. Nilimkuta siku moja amesimama hivyo juani, mikono kiunoni, anasubiri kuonekana. Nikaokota jiwe nikalirusha kwenye bati. Akanicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Nyumba ile ilikuwa imekufa, nachukia kulisema, lakini nilipoingia nilikuwa napunguza mwendo kama naingia msibani.

Yeye hakulalamika. Ukimwuliza alikuwa anagusa kovu na kunivuta sikio. "Lakini wametoa yote," ananong'ona. Alilisema mara nyingi mno. Ndicho alichopewa baada ya kutoa alichotoa, na alikuwa anakishika kwa mikono miwili.

Baada ya upasuaji shingo inafuatiliwa kwa ultrasaundi. Wanaangalia palipokuwa na tezi kama kuna kilichoota, wanapita na vitezi vya pembeni ya shingo, maana huko ndiko ugonjwa unakokimbilia ukitoroka. Siku yake ilipofika nilifunga meza yangu sokoni nikamsindikiza. Nilimpa mtandio mwepesi wa rangi ya bahari, bora nilionao, afunike kovu. Akakaa kwenye benchi la korido ile, mahali walipokaa wagonjwa wake. Mlangoni kulikuwa na mwitaji mpya, mama mmoja aliyehamishwa kutoka chumba cha kufulia, aliyeletwa baada yake na hakumjua. Karatasi ya UKIITWA ITIKA ilikuwa bado ipo juu ya mlango, imepata rangi ya chai pembeni.

Nikamwacha kidogo, nikaenda kwenye dirisha la dawa kumchukulia vidonge vyake. Foleni huko ilikuwa ya kukatisha tamaa. Niliporudi, korido ilikuwa imepungua nusu, na wifi alikuwa amekaa pale pale.

"Hawajakuita tu?"

Akatikisa kichwa juu na chini. Wameniita.

"Ukaingia?"

Akanivuta. Pumzi yake ikanipiga sikioni. "Niliitika. Hakusikia. Amenipita."

"Kwa nini hukunyoosha mkono? Kwa nini hukugonga?"

Akanielekezea karatasi juu ya mlango kwa kidevu. Nilihisi hasira inapanda hadi kwenye nywele. Nikainuka niende nikampe yule mama wa kufulia vidonge vyake, akanikamata sketi. "Kaa," akanong'ona. "Anafanya kazi vizuri. Hatazami nyuso. Hata mimi nisingemfungulia asiyeitika."

Mwanamke mkaidi, Mungu ananisikia. Tukakaa. Wajawazito wakaingia na kutoka, wazee wakaingia na kutoka, na korido ikaisha polepole hadi tukabaki sisi, mtoto aliyelala kwenye benchi la mbali na mama yake, na feni. Mama na mtoto wakaitwa, wakapimwa, wakaondoka. Mwitaji akasimama tena mlangoni na kuanza waliopitwa. Akaita jina kamili la wifi yangu, lile lisilotumika nyumbani wala kazini, kwa sauti nyembamba isiyofika hata kwenye ngazi.

Nilifungua mdomo. Wifi akauminya mkono wangu, akakaa wima, akajaza kifua hewa.

"Nipo," akasema.

Mimi niliyekuwa bega kwa bega naye nililisikia kidogo sana. Mwitaji akasubiri, ameinamisha macho, anasikiliza kwa uaminifu wote. Kisha akasema kwa walioko ndani, "Huyu naye hayupo."

"Yupo!" Nilisimama. Nilipiga ukelele wa sokoni, ule wa kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. "Yupo! Yupo hapa! Yupo tangu asubuhi!"

Bwana Jeli alitoka mbio, mikono inadondosha. Alimwona alivyokaa pale benchini. Alimshika kiwiko mwenyewe akamwingiza, na mwitaji akatufungulia nusu ya mlango huku akiomba radhi, na wifi akampigapiga mkono kumwambia hana kosa.

Alilala kwenye kitanda anachokijua kuliko cha kwao. Alivua mtandio mwenyewe. Bwana Jeli akaweka jeli, akaanza palipokuwa na tezi, kushoto, alikotolewa mshipa. Alipita taratibu, akarudia, akapita tena. "Pasafi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshushiwa mzigo. "Kipaza, hapa pasafi kabisa." Wifi akanikonyeza. Nami nikacheka kwa sauti, nikajifuta macho kwa pindo la mtandio wake.

Kidude kikahamia pembeni, chini ya taya, karibu na mshipa mkubwa unaopiga. Kikasimama.

Bwana Jeli akazungusha kifundo. Akakiinua kidude, akakifuta kwa kitambaa, akatazama kitambaa. Akaongeza jeli, akarudi pale pale. Palikuwa na kitezi. Kilikuwa cha mviringo, cheusi, na ndani yake mna vichembe vyeupe. Hata mimi ninayejua maua ya vitambaa tu niliviona.

Wifi alikuwa amegeuza macho kwenye kioo. Alikitazama kwa muda, kisha midomo yake ikasogea. Bwana Jeli akainama, hakupata kitu, akanitazama mimi.

"Anasemaje?"

Nilikuwa nimemsikia.

"Anasema labda mashine haijapata moto."

Tulikuwa wa mwisho siku hiyo. Mashine ilikuwa imewashwa tangu asubuhi, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake, joto lake likinipiga miguuni.